Kona Zote Kumi na Saba: Kumuaga Tarishi Wetu, Mzee Mansuetus Ndimbo

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, ikifika saa tisa na nusu alasiri, Mzee Mansuetus Ndimbo ataweka mkoba wa barua juu ya meza ya masijala na atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne kamili ya utumishi katika Ushirika wa Kahawa Tusikate Tamaa, hapa Mbinga. Aliingia akiwa tarishi na anatoka akiwa tarishi. Katikati hapo wamepita mameneja tisa, taipureta nne, baiskeli sita na filamu moja.

Mwandishi wa wasifu huu ni Dunstan Komba, karani wa mizani, ambaye meza yake imetazamana na benchi la Mzee Mansuetus kwa muda wote huo. Uongozi ulimpa mwandishi nusu ukurasa kwenye ratiba ya sherehe, kati ya sala ya kufungua na chakula. Mwandishi amechukua zaidi ya nusu ukurasa, na anawaomba wapishi wasipakue kwanza.

Mzee Mansuetus alizaliwa mwaka 1965 huko Mpepai, mtoto wa tatu kati ya tisa, kwenye nyumba iliyokaa mlimani kiasi kwamba kuku wao akitaga uani, yai linaokotwa kwa jirani. Alimaliza darasa la saba, akalima kahawa na mahindi pamoja na wazazi wake, na akajulikana mapema kwa miguu. Mama yake alikuwa anabandika mboga jikoni kwanza, ndipo anamtuma chumvi dukani, na chumvi ilifika kabla mboga haijachemka.

Kwa hiyo mwaka 1991, Ushirika ulipotangaza mbio za kusherehekea msimu mzuri, hakuna aliyeshangaa kuona jina lake likiwa la kwanza kwenye orodha. Mbio zilianzia kituo chetu cha kupokelea kahawa huko juu mlimani na kuishia ufukweni Mbamba Bay, kilomita arobaini na mbili, nyingi zikiwa mteremko. Barabara ya wakati ule ilikuwa ya vumbi, na ilikuwa na kona kubwa kumi na saba ambazo abiria walizihesabu moja moja kama watu wanaosali rozari. Zawadi zilikuwa tatu na zote za mtu mmoja: medali, baiskeli mpya na barua ya ajira. Kanuni zilikuwa sita. Ya nne ilisema, "Mkimbiaji atafuata bendera." Kila kona ilipewa msimamizi mwenye bendera nyekundu.

Tarehe 29 Juni, siku ya Petro na Paulo, Mansuetus alifika Mbamba Bay dakika ishirini na moja kabla ya mtu wa pili. Alifika mapema mno. Bendi ya tarumbeta ilikuwa bado inakunywa chai, mgeni rasmi alikuwa amevua viatu anatembea majini, na utepe wa kumalizia ulikuwa haujafungwa. Mansuetus, kwa moyo wake ule tunaoujua, alimsaidia mzee mmoja kuufunga, akarudi nyuma hatua kumi, akaja akaukata kwa kifua. Akavishwa medali. Barua ya ajira akapewa palepale, ikiwa imeshachapwa na kugongwa muhuri, jina tu likajazwa kwa kalamu.

Wa pili alikuwa Cleopa, mvuvi wa Liuli. Alifika hoi, na kabla hajapewa maji akauliza yule aliyekuwa mbele yake amepotelea wapi, maana mpaka kona ya kumi alikuwa anauona mgongo wake, na baada ya hapo hakuuona tena. Kamati ikakaa. Ikabainika kwamba Mansuetus hakupita kona ya kumi na moja hadi ya kumi na tano. Alikuwa ameshuka moja kwa moja kwa njia ya mguu inayokatiza mashamba ya ngoro, yale mashimo ya mraba tunayochimba mlimani ili mvua isiondoke na udongo, akatokea chini huku barabara ikiendelea kuzunguka.

Mansuetus hakukana. Alisema alipita pale kwa sababu bendera ilikuwa pale. Ilikuwa imechomekwa kwenye tuta la ngoro, mdomoni mwa njia ya mguu, na yeye kanuni ya nne anaijua. Kamati ikamwita msimamizi wa kona ya kumi na moja, kijana wa miaka ishirini na miwili, karani mpya aliyekuwa kwenye kipindi cha majaribio. Msimamizi huyo ndiye mwandishi wa wasifu huu. Mwandishi alisema bendera haikutoka mkononi mwake asubuhi nzima. Akaulizwa mara ya pili, akasema vilevile. Medali ikavuliwa shingoni mwa Mansuetus ikavishwa Cleopa, na baiskeli ikaenda Liuli.

Tangu siku hiyo Mzee Mansuetus ameomba kitu kimoja tu, na amekiomba bila kelele: mtu mmoja aseme kwamba bendera ilikuwepo.

Barua ya ajira ndiyo iliyoleta kazi. Ilikuwa na muhuri. Kufuta barua yenye muhuri kulihitaji kikao cha bodi, na bodi haikutimiza akidi mpaka mwaka 1994, wakati ambapo kila mtu alishamzoea. Hivyo ndivyo Ushirika wetu ulivyomwajiri mtu kwa barua inayosema "kwa kutambua ushindi wako", na wiki hiyohiyo ukamwandikia barua ya kumfungia maisha asishiriki mbio. Barua hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza. Alijipelekea, akajisainisha kwenye daftari, akarudi kuripoti kwamba mhusika amepokea.

Aibu ya huku kwetu haina likizo. Watoto walitunga wimbo. Kwenye foleni ya mashine ya kusaga mahindi, aliyejipenyeza aliambiwa amepita Kimansuetus, na msemo huo ukafika Songea kabla mwenyewe hajawahi kufika. Kanisani alipojipanga kwenda komunyo, wapo waliogeuka kuhakikisha ameanzia nyuma. Alipotaka kuoa, mwaka 1993, mjomba wa upande wa pili aliuliza mbele ya watu kama bwana harusi amefuata hatua zote. Bibi harusi, Notburga, alijibu mwenyewe bila kuulizwa. Alisema huyu hatua zote amezifuata, na kama kuna hatua imerukwa, aliyeruka ni yeye. Mjomba akaomba maji, na ndoa ikafungwa.

Mzee Mansuetus hakugombana na mtu. Alichofanya ni kuacha njia za mkato, zote, moja kwa moja. Hakutangaza, ila tuliona. Kutoka mlango wa ofisi yetu hadi getini, ukikatiza katikati ya vichanja vya kuanikia kahawa, ni hatua arobaini. Ukizunguka kwa njia ya magari ni hatua mia mbili na kumi na mbili. Sote tunakatiza. Meneja anakatiza, na hata mgeni rasmi wa leo ameonekana asubuhi akikatiza. Mzee Mansuetus hajakatiza hata siku moja, iwe jua, iwe mvua ya mawe. Msimu uliopita, siku ambayo mizani haikuwa na kazi, mwandishi alipiga hesabu akakuta kwamba hatua hizo za ziada peke yake, kwa miaka yote ya utumishi, zinatosha kwenda Dar es Salaam na kurudi mara mbili, na kubaki na za kufika Njombe. Mama Notburga anasema hata nyumbani, akiamka upande wa ukutani, huzunguka kwa miguuni mwa kitanda.

Barua za Namswea, Mpepai na Kigonsera alizipeleka zote, na katika miaka thelathini na minne hakuna hata moja iliyopotea. Zilichelewa, hilo tukubaliane. Mwaka 1998 wajumbe wa Kigonsera walipokea mwaliko wa mkutano siku mbili baada ya mkutano. Kwa kuwa walishavaa, wakakutana wenyewe, na maazimio yao yakawa bora kuliko ya kwetu. Mwaka 2003 ilitoka barua ya kumwachisha kazi mkuu wa kituo cha Namswea. Daraja lilikuwa limekatika. Kila mtu alikuwa anapita shambani kwa watu, lakini Mzee Mansuetus alikaa kwenye jiwe kwa siku nne akisubiri daraja litengenezwe. Katika siku hizo nne mkuu yule alipokea kahawa nyingi kuliko kituo chochote, na barua ya pongezi ikamkuta Mzee bado yuko jiweni, hivyo ikamfikia mkuu mkononi pamoja na ile ya kumfukuza. Alisaini zote mbili. Mkuu huyo ni Ndugu Florian, leo makamu mwenyekiti wa bodi, na amekaa mbele kulia.

Mwaka 2012 Mzee alichaguliwa mfanyakazi bora. Jina lake lilipoitwa, alianza kuzunguka ukumbi kwa pembeni, nyuma ya viti vyote, na alichukua muda mrefu kiasi kwamba mgeni rasmi alimkabidhi cheti mpiga picha.

Kisha ikaja lami. Mafundi waliitazama ile barabara, wakautazama mlima, wakaamua kunyoosha kipande. Kipande hicho kimepita palepale kwenye njia ya mguu, tuta kwa tuta, na kona ya kumi na moja hadi ya kumi na tano zimeachwa pembeni zikiota majani. Yaani leo hii basi, lori na pikipiki vyote vinapita alipopita Mansuetus mwaka 1991, na hakuna dereva aliyefungiwa maisha. Ungetegemea Mzee afurahi. Yeye aliikataa lami. Akienda ziwani hushuka kwenye basi kabla ya kona ya kumi na moja, akazitembea kona zote tano kwenye majani, akatokea chini kusubiri basi jingine. Makondakta wamemzoea na humshusha bila kuulizwa. Mmoja, mgeni, alipotaka kujua sababu, Mzee alimjibu kwamba anazipita zile alizoruka, mpaka mtu aseme hakuziruka.

Mambo yalikuwa yamefikia hapo mwaka 2023, alipokuja Jacqueline Mbawala. Binti huyu ni mzaliwa wa Mbinga aliyekulia Dar es Salaam na kazi yake ni kutengeneza filamu. Utoto wake wote bibi yake alimkanya asipite Kimansuetus, naye akadhani Mansuetus ni mtu wa kwenye hadithi, kama Sungura. Siku moja amekuja ofisini kwetu kumwona mjomba wake, mzee mwenye mkoba akamkabidhi barua na kumwomba asaini. Akasoma jina kwenye daftari. Kwa mshtuko akakaa kwenye mizani. Kilo hamsini na tatu.

Filamu aliyoitaka aliiita Kona Kumi na Saba. Alitueleza kwamba ni ya kuchekesha lakini ina kifo ndani, watu wacheke halafu wajionee haya. Wa kuigiza Mansuetus alikuwa Steven, kijana mzuri wa sura aliyetoka Dar es Salaam na viatu vinavyowaka taa. Siku ya kwanza aliambiwa akimbie kuteremka kwenye ngoro. Kamera ilimwona, halafu haikumwona. Tulimtoa kwenye shimo la nne akiwa mzima, ila kuanzia hapo alikuwa anaigiza kukimbia akiwa amesimama.

Jacqueline alitusomea mwisho wa filamu hapahapa ofisini. Mansuetus, akiwa mzee, anarudi Mbamba Bay, anaingia ziwani kuosha miguu, analiwa na mamba. Na ile bendera nyekundu itaonekana kwake peke yake, kama njozi, kwa sababu akili zilishamruka. Mzee Mansuetus alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza alisema, "Binti yangu, pale pana watoto wanaoga. Huyo mamba msogeze mbele kidogo." La pili, bendera haikuwa njozi.

Jacqueline alimjibu kwa heshima zote. Alisema amesoma kumbukumbu za kamati, maneno ya msimamizi yamo, na msimamizi mwenyewe si huyu hapa? Wote wakamgeukia mwandishi. Mwandishi alikuwa ameinama, anarekebisha mizani. Mzee Mansuetus alisubiri kidogo. Kisha akachukua kalamu akasaini kibali cha kuliwa na mamba. Kila aliyekuwepo alielewa alichosaini: filamu ikitoka hivyo, bendera itakuwa ndoto ya kichaa, na itabaki hivyo hata sisi sote tukishakufa.

Mazishi yalipigwa picha nyumbani kwake Mpepai, Agosti mwaka jana. Jeneza lilitengenezwa na fundi wa kijijini kwa kipimo cha Steven. Steven alipoliona alisema makubaliano yake yanahusu kukimbia na kuliwa, hayahusu kulala humo. Mzee Mansuetus, aliyekuwa amekaa pembeni akimenya viazi, alinawa mikono akalala mwenyewe. Lilimtosha.

Tatizo likawa watu. Huku kwetu mtu akiona turubai, viti na akina mama wenye masufuria makubwa, haulizi. Anarudi nyumbani kuchukua unga. Kufikia mchana walishafika watu wa Namswea na kuni, watu wa Kigonsera na maharage, na Cleopa, ambaye alikuwa ameleta samaki sokoni Mbinga akasikia kwamba Mansuetus hatunaye tena. Alikuja na mbasa wakavu nusu gunia na macho mekundu. Walipoelezwa kwamba ni filamu, na marehemu akanyanyua kichwa kuwasalimia, palizuka mabishano makali. Wapo waliotaka kuondoka na unga wao. Bibi Bonifasia wa Namswea, mtu mzima kuliko wote pale, ndiye aliyeamua. "Msiba umeshakaa, mtauondoaje? Tukae, tulie, tule, ndipo twende." Wakakaa, na walilia kweli. Msiba wa Mzee Mansuetus ulichukua siku mbili, na yeye mwenyewe alikuwa akitoka jenezani kwenda kula na kurudi. Mama Notburga peke yake ndiye aliyekataa kulia mbele ya kamera. "Machozi yangu ya huyu mzee nimeyatunza," alimwambia Jacqueline. "Siyatoi kwa majaribio." Akarudi kusonga ugali.

Kama msiba wowote, ulihitajika wasifu wa marehemu. Jacqueline alimpa mwandishi karatasi asome, kwa kuwa ana sauti ya mikutano mikuu. Ilikuwa na mistari mitano. Mstari wa nne ulisema marehemu aliishi na kufa akiamini bendera ambayo haikuwepo.

Mwandishi amesoma wasifu wa marehemu wengi na anajua watu wa huku wanavyousikiliza. Ukikosea mwaka wa ubatizo, shangazi anakusahihisha hapohapo. Mbele ya jeneza lililo wazi hakuna anayethubutu kudanganya. Mwandishi alifika mstari wa nne akamtazama marehemu. Nzi alikuwa anatembea kwenye paji la uso wake, naye Mzee hakutikisika, amefumba macho, anavumilia, kama alivyovumilia kila kitu kingine. Hapo nilishindwa kuendelea. Na hapa pia nashindwa kuendelea kujiita mwandishi.

Mimi Dunstan ndiye niliyeichomeka ile bendera.

Kona ya kumi na moja ilikuwa mbele ya nyumba yenye msiba. Nilisimama barabarani nikiipungapunga bendera nyekundu kuijaribu, na ndani watu wanalia. Mzee mmoja akatoka nje akanitazama tu. Ningefanyaje? Barabara ilikuwa ngumu, bendera haichomeki. Tuta la ngoro lilikuwa laini. Nikaichomeka pale, nikaingia kutoa pole. Nikakalishwa. Ukishatoa pole hukurupuki kuondoka, na nikaletewa ugali na maharage, nikala. Nilipotoka nikakuta nyayo za mtu mmoja zimeshuka kwenye njia ya mguu, na huku juu nasikia Cleopa anakuja anahema. Nikaing'oa bendera nikasimama nayo barabarani.

Kuingia msibani hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa Mbamba Bay waliponiuliza. Nilikuwa na wiki tatu kazini, bado natazamwa, na niliogopa. Nikasema haikutoka mkononi mwangu. Kila mwaka uliofuata ulifanya maneno yale yawe magumu zaidi kuyarudisha, na kila siku ya kazi, nikiinua macho kwenye mizani, nilimwona mtu anazunguka vichanja kwa sababu yangu.

Niliyasema yote haya mbele ya jeneza, mbele ya watu mia mbili na kamera mbili. Kisha Jacqueline akapiga makofi. "Baba Komba, umeua! Tena mara moja, na safari hii usilie mapema."

Nikarudia. Mara ya pili iliharibika kwa sababu mkono wa marehemu ulitoka jenezani ukanishika shati. Mara ya tatu akina mama wa Mpepai walikuwa wanatamka pamoja nami. Mara ya nne, Mungu anisamehe, niliweka na mkono kifuani, na nikajikuta nafurahia. Watu walinipa mikono kwa kuigiza vizuri. Kosa la miaka thelathini na mitatu nililikiri mara nne kwa siku moja, na hakuna aliyeniamini.

Walioamini walikuwa watatu. Cleopa aliondoka jioni hiyo bila kuaga. Mama Notburga, wakati wengine wanaandaliwa mbasa, aliniwekea mbele yangu sahani ya ugali na maharage. "Kula, shemeji. Si ndicho kilichokuponza?" Nilikula chote. Wa tatu alikuwa marehemu. Alitoka jenezani, akajipangusa vumbi la mbao, akaja kukaa karibu yangu, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama chakula cha msiba ule wa mwaka 1991 kilikuwa kizuri. Nikamwambia maharage hayakuwa na chumvi. Alicheka mpaka akakohoa. Baadaye akaniambia, "Umesema vizuri, mdogo wangu. Ila kwenye filamu hata mamba ni wa plastiki. Iandike mahali pasipo na mamba."

Filamu ilionyeshwa Aprili mwaka huu kwenye ghala letu, kwenye shuka jeupe. Watu walicheka Steven alipotumbukia ngoro, wakampigia makofi mamba, na sehemu yangu ikawatoa machozi. Walipotoka wakaniuliza nimewezaje kukariri maneno yote yale. Nilimfuata Jacqueline nikamweleza kwamba ni kweli tupu. Akanitazama sana, kisha akauliza kama nasema kweli au najiandaa kwa filamu nyingine.

Ndiyo maana nimechukua zaidi ya nusu ukurasa. Hapa hapana mamba. Karatasi hii nimeipeleka masijala na imegongwa muhuri wa Ushirika, na kama mjuavyo, kwetu karatasi yenye muhuri haifutwi mpaka bodi itimize akidi. Kwa jinsi ninavyoifahamu bodi yetu, Ndugu Florian anisamehe, tuna muda wa kutosha.

Katika waliosimamia mbio za 1991 nimebaki hai peke yangu. Kwa hiyo natamka. Bendera ilikuwepo. Mansuetus Ndimbo aliifuata kama kanuni ya nne inavyosema, na alishinda kwa dakika ishirini na moja. Kufungiwa kwake kumekwisha. Barua ya kumfungulia asijipelekee, nitampelekea mimi. Nimebakiza miaka minne kustaafu, na uongozi ukiona haifai niimalize, nitaelewa.

Medali iko hapo kwenye meza ya mbele, karibu na keki. Cleopa ameileta mwenyewe Alhamisi iliyopita. Kumbe baada ya siku ile hakuivaa tena. Tangu mwaka ule aliifunga kwenye wavu pamoja na chubwi nyingine za kuuzamisha, kwa maelezo kwamba shingoni ilikuwa inamwasha. Imepoteza rangi na inanuka samaki. Wanaokaa meza hiyo wavumilie.

Tunamshukuru Mama Notburga na watoto wao wanne kwa kutuazima mzee huyu kwa muda mrefu hivi na kumpokea kila siku akiwa amechelewa. Tunawashukuru wanachama wa Namswea, Mpepai na Kigonsera, ambao walisubiri barua zao bila kumtukana, au walimtukana akiwa bado yuko mbali.

Na wewe, kaka yangu Mansuetus. Jana vijana wa ghala wamesogeza vichanja viwili, katikati ya msimu, vikiwa na kahawa juu. Ukitoka ukumbini leo kuna hatua arobaini zilizonyooka mpaka getini, na Mama Notburga atakuwa anakusubiri upande wa pili. Ushirika mzima unakutakia mapumziko mema, afya ya magoti, na njia fupi za kurudi nyumbani. Mdomoni mwa njia hiyo utaiona bendera nyekundu. Ifuate. Safari hii nitakuwa nimeishika mwenyewe, na hata nikiitwa msibani, sitaondoka mpaka uwe umepita.